Farumi ya Risasi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, nikiwa dukani nakaza skrubu ya miwani ya mteja. Nahodha, mkuu wa kundi letu la simu la wajenzi wa meli za mfano, ameagiza kila mtu aweke daftari la ujenzi: siku, kazi iliyofanyika, makosa. Anasema fundi asiyeandika makosa yake huyarudia. Yeye mwenyewe alikuwa mkata tiketi za kivuko miaka thelathini na mmoja, hajawahi kushika usukani hata wa baiskeli, ila jina la Nahodha limemkaa kuliko alilopewa na wazazi.

Basi naandika. Najenga tagi, ile meli fupi yenye mabega ambayo kazi yake ni kuvuta meli kubwa bandarini. Kipimo ni moja kwa hamsini, urefu sentimita sitini na mbili. Mbao za ubavuni zimekwisha kugundishwa. Mvua zikiisha, kundi zima tutakutana kwenye bwawa la chuo tuziweke meli zetu majini mbele ya watu.

Jumamosi, 9 Machi

Jumamosi ni siku ya picha. Nimetuma nne. Kibiriti, yule fundi viatu anayejenga meli kwa njiti za kiberiti, ameandika: "Mama Miwani, hapo umetumaliza." Nahodha ametuma makofi kumi na mawili.

Kisha yule tunayemwita Mkaguzi, kwa kuwa hakuna picha anayoiacha bila kuikosoa: "Dirisha la tatu upande wa kulia limepanda milimita moja. Ulipima?"

Nimepima sasa. Limepanda. Namwombea simu yake itumbukie kisimani.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Ua umejaa maji mpaka kizingitini. Binti yangu anafundisha zamu ya mchana, mimi niko dukani zamu ya asubuhi, kwa hiyo saa saba tunapokezana mtoto mlangoni kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti. Mjukuu wangu tunamwita Kidoti, kwa ajili ya alama iliyo juu ya mdomo wake. Ana mwaka mmoja na miezi minane. Mchana wote ni wangu. Mimi nikiwa mezani na tagi, yeye yuko chini ya meza na vifuniko vya sufuria.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeiweka tagi majini kwenye beseni. Imelala ubavu kama mgonjwa. Haina farumi, yaani ule uzito wa tumboni unaoifanya meli isimame wima. Nahodha ameshauri madini ya risasi, kwa sababu ni mazito na yanaingia kwenye nafasi ndogo. Fundi betri aliye mkabala na duka letu anazo bamba za betri zilizokufa, rundo zima. Kanipa mfuko bila hata kuniuliza za nini.

Jumatatu, 18 Machi

Nilitaka kuyeyushia uani lakini ua ni ziwa. Nimefanyia jikoni, kwenye sufuria kuukuu, dirisha nimelifunga maana mvua ilikuwa inarusha maji mpaka kwenye moto. Bamba zinatoa ungaunga wa kijivu, nimeukung'uta kando. Kisha risasi ikalegea, ikawa kioo. Nimeona uso wangu ndani yake. Nimeimimina kwenye kalibu ya kuipa umbo, vipande sita, na kilichobaki nikatengenezea nanga mbili ndogo, nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Kidoti alilala muda wote chumba cha pili, mlango wazi.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimekuwa mwalimu. Nimetuma picha saba za kuyeyusha risasi, hatua kwa hatua, na maelezo chini ya kila moja. Watu wamefurahi mno. Kibiriti anasema hata yeye meli yake inaelea kama jani, ataanza wiki hii hii. Amenipigia na nimemweleza kila kitu: moto kiasi gani, kalibu ikauke vipi.

Mkaguzi hakuandika kundini. Ameniandikia mimi peke yangu: "Unayeyushia wapi?"

Nikamjibu: "Mahali panapofaa."

"Dirisha wazi?"

Nikanyamazisha jina lake kwenye simu. Kuna watu hawawezi kumwona mwenzao akisifiwa.

Jumatano, 27 Machi

Skrubu moja imenidondoka mara tatu. Mwenye duka amecheka, akasema nimezeeka. Nina miaka hamsini na mmoja.

Jumatatu, 1 Aprili

Mkono wa kulia unatetemeka.

Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama kwa muda. Si sana. Ukiushika kikombe cha chai unaona mawimbi madogo juu. Nimekunywa chai nikiwa nimeyapa mawimbi kisogo, nikitazama ukuta.

Mama yangu alianza hivi. Kijiko kilimdondoka, tukamcheka. Kisha kikombe. Kisha akasahau njia ya sokoni, kisha jina langu, kisha jina lake. Alichukua miaka saba kufa na sote tulikuwa tunaangalia. Alianza akiwa na miaka hamsini na miwili.

Jumatano, 3 Aprili

Tumbo linanisokota. Sijaenda haja siku ya nne. Mteja ninayemhudumia kwa miaka kumi sasa kaja kuchukua miwani, nimemtazama usoni na jina lake halikuja. Nimemwambia, "Subiri kidogo," nikaingia stoo nikasimama gizani kati ya maboksi mpaka likaja.

Jumamosi, 6 Aprili

Sikuweza kupaka rangi mstari wa maji. Brashi inakwenda inakotaka. Wenzangu wanasubiri picha, basi nimetuma ile ya wiki iliyopita, nikaandika "Kazi inaendelea." Kibiriti amejibu, "Hiyo ndiyo mikono." Nimeitazama mikono.

Kidoti analia ovyo na hataki kula. Nimemwambia mama yake ni meno.

Jumanne, 9 Aprili

Dada yangu mkubwa amekuja na mwavuli uliovunjika ubavu. Hajakaa dakika mbili akaniona namimina chai.

"Mkono huo una muda gani?"

"Mkono gani?"

"Usinifanye mjinga. Mama alianza na kijiko."

"Najua alianza na nini. Nilikuwepo, dada."

"Ulikuwepo, ulikuwa msichana. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha na kumbadilisha." Akaichukua birika mkononi mwangu akamimina mwenyewe. "Nenda hospitali. Mficha maradhi kilio humuumbua."

"Wakishaniambia ni ule ugonjwa, watanipa nini? Mama walimpa nini?"

Akakoroga chai isiyo na sukari.

"Usimwambie binti yangu," nikamwambia. "Akijua mimi ninao, atajihesabia na yeye. Kisha atamtazama mtoto wake na kumhesabia."

"Kwani wewe humtazami?"

Namtazama kila siku. Leo amejaribu kupanga kifuniko juu ya kifuniko na kimemponyoka, nikamtazama vidole mpaka akakiokota. Mtoto wa miezi ishirini na moja kudondosha kifuniko.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimevunja lenzi ya mteja. Haikudondoka, niliibana nikashindwa kulegeza vidole kwa wakati. Mwenye duka hakucheka safari hii. Alisema, "Pumzika kidogo, mama," kwa ile sauti anayoitumia kwa wateja ambao macho yao hayatengenezeki tena.

Nilirudi kwa miguu mvuani. Barabara nzima nilikuwa nahesabu: hamsini na mmoja, kuongeza miaka saba, Kidoti atakuwa darasa la pili siku nitakaposahau jina lake.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeyeyusha tena. Tagi bado nyepesi upande wa shetri, yaani nyuma, na nilitaka kujua kama mikono inanisikia. Imenisikia kiasi. Nimemwaga kidogo mezani, kimeganda, nimekikwangua kwa kisu. Vumbi la kijivu nimelifagia. Dirisha limefungwa, mvua haijakatika tangu Ijumaa, nguo zetu zote zinanuka uvundo.

Kidoti nilimkuta chini ya meza na nanga moja mdomoni. Nimemnyang'anya asije akaimeza. Alilia mpaka akatapika.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Binti yangu anauliza kwa nini Kidoti haongei siku hizi. Alikuwa ameanza na maneno kama manane. Nimemwambia watoto huwa hivyo, wanapumzika kisha wanarudi kwa kishindo.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimetuma picha ya zamani tena. Baada ya robo saa simu ikaita, namba nisiyoijua. Sauti ya mzee, taratibu, kama mtu anayesoma orodha.

"Mama Miwani, samahani kwa kukupigia bila taarifa. Ni mimi mnayeniita Mkaguzi, natumia laini nyingine. Uko peke yako?"

Swali hilo lilinitia hofu. Nikamjibu niko na mjukuu.

"Ana umri gani?"

"Kwa nini unaniuliza habari za mjukuu wangu?"

"Nitakwambia. Kwanza, picha ya leo na ya tarehe thelathini ni moja. Kivuli cha taa kimelala pale pale. Fundi mzuri huwa harudii picha ila mkono umemkatalia." Hakuwa ananisuta. Alikuwa anaogopa, niliisikia pumzi yake. "Tafadhali, nyoosha mikono mbele, viganja vitazame chini. Sasa nyanyua viganja, kama unasimamisha gari."

Sijui kwa nini nilimtii. Niliweka simu mezani, sauti ya juu, nikanyoosha. Kiganja cha kushoto kilinyanyuka. Cha kulia kilining'inia kama kitambaa kilicholowa. Nikajaribu tena. Nikaanza kulia bila sauti.

"Cha kulia kimekataa," akasema yeye mwenyewe. "Mkono wa kazi ndio huanza. Tumbo je? Linasokota? Choo kimefunga?"

"Wewe umejuaje?"

"Nilikuwa mkagua afya kwenye kiwanda cha betri miaka ishirini na miwili. Mikono hiyo nimeiona kwa vijana wenye nguvu kama punda. Ni risasi, mama. Moshi wake na vumbi lake. Nilikuuliza dirisha, hukunijibu. Nilipaswa kukupigia siku ile ile, nikaona nitaonekana mchokozi kama kawaida yangu."

"Mama yangu alikufa kwa ugonjwa wa kutetemeka," nikamwambia. "Mimi ninao."

"Ya mama yako siyajui. Hii naijua. Jumatatu nenda ukapimwe damu, uwaambie wapime risasi, wasikupe dawa ya tumbo ukarudi nyumbani. Na mtoto mtoe humo ndani leo. Leo hii, si kesho. Mtoto anatambaa chini, mikono inakwenda mdomoni, na kwake kidogo ni kingi."

Nilikata simu. Nilimbeba Kidoti nikatoka naye barazani. Tulikaa kama saa moja, kisha upepo ukageuka, mvua ikatupiga, nikamrudisha ndani.

Naandika haya ili nisije nikajisomea uongo baadaye. Sikumpeleka popote. Kumtoa ni kumwambia mama yake kwa nini, na sikuweza. Nikajiambia huyu ndiye yule mtu wa milimita moja, hukuza mambo. Nimefagia jiko vizuri, mara mbili.

Jumatatu, 22 Aprili

Wametoa damu. Majibu keshokutwa. Nimepiga deki chini ya meza kisha Kidoti akakaa pale pale.

Jumatano, 24 Aprili

Chumba cha daktari kiko ghorofa ya pili. Ni mwanamke kijana, ana miwani yenye fremu iliyolegea upande mmoja, ningeweza kuikaza kwa sekunde kumi zamani. Alisoma karatasi mara mbili.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Fundi miwani."

"Hapo nyumbani unashughulika na betri?"

Nikamweleza. Aliandika kila neno. Akasema kipimo changu ni sitini na mbili, na kwamba mtu mzima akifika kumi wanaanza kuuliza maswali. Akasema mkono ni risasi, tumbo ni risasi, kusahau ni risasi. Nikamuuliza kuhusu mama. Akaniuliza maswali mengi, akasema kwa anavyoona sina dalili za ugonjwa ule, na kwamba nikipata dawa na nikae mbali na madini hayo, mkono unaweza kurudi.

Nilifurahi. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilitoka chumba kile nikiwa mwepesi, nikaanza kushuka ngazi, na kwa ngazi kama ishirini nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote katika jengo lile. Sitasahau jina la mtu. Binti yangu hana cha kurithi.

Kwenye ngazi ya ishirini na kitu nikamwona Kidoti, wa siku ile chini ya meza, akiwa na nanga mdomoni.

Nilishika chuma cha ngazi. Mtu akaniuliza kama nataka maji. Nikarudi juu mbio, nikaingia kwa daktari bila kubisha hodi, kulikuwa na mgonjwa amevua shati. Nikasema, "Kuna mtoto." Daktari akaweka kalamu chini.

Nyumbani nilimkuta binti yangu mlangoni, amevaa viatu vya kazini, mtoto begani, ananisubiri tupokezane.

"Umechelewa, mama. Nina darasa saa saba na nusu."

"Leo huendi. Tunampeleka Kidoti hospitali. Ana risasi."

Akamgeuza mtoto mgongo na tumbo, akimpapasa. "Risasi? Nani kapiga? Iko wapi?"

"Si ya bunduki. Ni ile ninayoyeyusha jikoni. Iko kwenye damu."

Nikamweleza pale pale, mvua ikitiririka kwenye bati juu yetu. Nilimweleza habari za Mkaguzi pia. Hakupiga kelele. Binti yangu huongea polepole anapokasirika, amejifunza kwa watoto wa shule.

"Huyo mzee alikwambia lini?"

"Jumamosi."

"Leo ni Jumatano."

"Ndiyo."

"Jumapili niliondoka kwenda kanisani nikakuachia. Jumatatu nikakuachia. Jana nikakuachia." Alikuwa anahesabu kwa vidole kwenye mgongo wa mtoto. "Ulikuwa unaogopa nini, mama?"

Nilitaka kumwambia kuhusu bibi yake, kijiko, miaka saba. Vyote vilikuwa kweli na hakuna hata kimoja kilichofaa kusemwa. Nikasema, "Nilikuogopa wewe."

Alhamisi, 25 Aprili

Kidoti, arobaini na nane. Binti yangu, kumi na moja. Daktari anasema kwa mtoto hata tano ni nyingi. Wamemlaza. Dawa huivuta risasi itoke kwenye mkojo, siku kumi na tisa. Nilipouliza kama maneno yake yatarudi, daktari alisema, "Tutaona," akaanza kutafuta kitu mezani.

Binti yangu ameniambia nisije wodini. Alisema kwa adabu. "Nguo zako, mama. Daktari kasema ni pamoja na nguo."

Ijumaa, 26 Aprili

Sijala.

Jumapili, 28 Aprili

Mkaguzi alipiga asubuhi. Hakuuliza kama nilimtoa mtoto siku ile, nadhani alijua. Aliuliza: "Wenzako umewaambia?"

Nilikuwa nimesahau. Picha saba, maelezo chini ya kila moja. Kibiriti alikuwa ameanza wiki ile ile, na mke wake ana mimba ya miezi saba.

Nimempigia kabla ya kuandika kundini. Alipokea akicheka, "Mama Miwani, ulitukimbia wapi?" Nikamwambia bila kuzunguka, namba yangu na namba ya mjukuu wangu. Nilisikia nyundo yake ikiwekwa chini.

"Nimefuata picha zako moja moja," akasema.

"Uliyeyushia wapi?"

"Chumbani. Mvua ilikuwa inanyesha." Akavuta pumzi. "Mara mbili. Mama wa nyumba ndiye aliyenishikia tochi."

"Mpeleke leo. Daktari niliye naye nakupa namba yake."

"Wewe hukujua?"

"Sikujua. Lakini niliulizwa kuhusu dirisha nikajibu kwa kiburi."

Alikata. Nikaandika kundini, nikafuta, nikaandika tena: kwamba nilichofundisha kimemlaza mjukuu wangu, kwamba wote waliofuata picha zangu wapimwe, wao na watoto wao, wasifagie bali wafute kwa maji, wavue nguo nje. Nikaweka matokeo yetu yote matatu. Nikazifuta zile picha saba, lakini kitu kilichoonekana na watu sitini hakifutiki.

Kwa saa nzima hakuna aliyejibu. Kisha Nahodha: "Risasi nilishauri mimi." Hilo tu.

Jumamosi, 4 Mei

Nilisikia hodi saa mbili asubuhi. Mzee mwembamba, koti la mvua, ndoo mbili, marundo ya matambara, barakoa usoni. Nilimtambua kwa sauti. Nilikuwa nimemfikiria mnene, sijui kwa nini.

"Sikuja kunywa chai," akasema. "Tafuta cha kufunika nywele zako."

Tumefanya kazi mpaka jioni. Hakuna kufagia. Kila ubao, kila kona, unafuta kwa tambara la maji na sabuni, unalitupa kwenye mfuko, unachukua jingine. Mkono wangu wa kulia haukamui, basi mimi nilikuwa nalowesha na yeye anakamua. Zulia limekwenda, mapazia yamekwenda. Vifuniko vya sufuria alivichukua akaviweka kwenye mfuko wake bila kunitazama. Na tagi. Niliishusha kutoka rafuni kwa mkono mmoja, nzito kama mtoto, nikaitia mwenyewe ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana. Alisema ataipeleka wanakopokea taka za sumu.

Katikati ya kazi nikamuuliza kwa nini anakagua meli za watu mpaka milimita.

Akafuta mguu wa meza mpaka chini kabisa ndipo akajibu. "Kiwandani kulikuwa na kijana, alikuwa mchangamfu. Nilimpitisha kwenye fomu bila kumpima vizuri kwa sababu nilikuwa na haraka. Tangu hapo sina haraka."

Hakuniambia kijana yule aliishia wapi. Alipokuwa anaondoka alichukua vumbi la sakafu kwenye vikaratasi vitatu, akaandika mahali vilipotoka, ili akavipimishe. "Mpaka nikupigie, mtoto asikanyage humu. Hata kama mama yake atakubali."

Jumanne, 7 Mei

Jua la nusu saa. Kisha mvua.

Jumamosi, 11 Mei

Kibiriti ameandika kundini: mkewe tisa, yeye thelathini na tatu. Daktari atamfuatilia mama mpaka ajifungue, na mtoto baada ya hapo. Wengine wawili waliokuwa wameyeyusha walifanyia nje, wako salama. Nimemwandikia Kibiriti peke yake. Amejibu: "Usiniandikie kwa sasa, Mama Miwani." Ana haki. Nimelisoma neno "kwa sasa" mara nyingi.

Dada hunipa habari za wodini kwa simu. Anasema Kidoti anachomwa sindano ya kupimwa damu, na siku hizi halii, anautoa mkono mwenyewe. Hilo limeniuma kuliko kulia.

Jumatano, 15 Mei

Kidoti ametoka, ishirini na moja. Wamekwenda kukaa kwa dada. Nilitegemea binti yangu anipigie mwenyewe. Nilijua kwa dada.

Jumapili, 19 Mei

Leo wenzangu wako bwawani. Sikwenda. Mvua zimekuwa za asubuhi tu, mchana mbingu iko wazi. Nahodha alituma picha moja: meli kumi na nne juu ya maji na watoto wamejipanga ukingoni. Nilifanya kitu ambacho sikutarajia. Niliikuza picha nikawatazama watoto mikononi, mmoja mmoja, kuona nani amepeleka kidole mdomoni.

Ijumaa, 24 Mei

Imepanda tena, ishirini na saba. Daktari alisema ingekuwa hivyo, kwamba risasi hujificha kwenye mifupa kisha hurudi kwenye damu, na kwamba tusihesabu wiki, tuhesabu miezi. Dada alinisomea namba hiyo kwenye simu, na nilipoketi sikuwa nimeona kama kulikuwa na kiti. Kulikuwa na kiti.

Yangu ni thelathini na nane. Kiganja kinanyanyuka mpaka nusu. Mwenye duka kanipa kazi ya kupokea wateja. Naandika majina yao yote na sijasahau hata moja, na sifurahi.

Alhamisi, 30 Mei

Mkaguzi kapiga. Jikoni na chumbani pako safi. Chini ya meza bado kidogo. Tumefuta tena, yeye na mimi, mara tatu, mbao zikawa nyeupe kama mfupa. Majibu wiki mbili.

Jumapili, 2 Juni

Saa kumi jioni nilisikia sauti ya binti yangu nje. Sikuwa nimeisikia kwa wiki tano. Nilifungua mlango, nao walikuwa wamesimama chini ya ngazi ya baraza, yeye na Kidoti mgongoni. Mtoto amekonda shingo. Aliniona akanitazama tu, kama mtu anayetafuta kitu alikokiweka.

"Ishirini na mbili," akasema binti yangu. "Ya Ijumaa."

"Imeshuka."

"Imeshuka." Akamshusha mtoto akamsimamisha, akimshika mkono. "Sijakusamehe, mama. Nisikudanganye. Nikiwa darasani naona watoto wasioelewa ninachosema, wanaonitazama midomo tu, naanza kujiuliza kama wetu atakuwa hivyo. Lakini anakutafuta. Kwa mama mkubwa anafungua milango yote, anachungulia nyuma yake."

Nilichuchumaa mlangoni nikamtazama Kidoti.

"Tuingie?" akauliza.

Hicho ndicho nilichokuwa nimekiomba kwa wiki tano, na miguu yangu ilitaka kusogea kando ya mlango. "Hapana," nikasema. "Chini ya meza majibu hayajarudi. Kaeni hapo hapo nje. Mimi naja."

Binti yangu aliniangalia kwa muda mrefu. Mabega yake yalishuka kidogo.

Nilinawa mpaka viwikoni. Nikavaa gauni jipya, lile ambalo halijawahi kuingia jikoni, nikatoka peku. Mtaa ulikuwa mkavu. Tulivuka tukaketi kwenye benchi la simenti mbele ya duka la vitabu lililofungwa, mbali na mlango wangu, binti yangu upande mmoja, mimi upande mwingine, mtoto katikati. Binti yangu alimpa Kidoti chupa ya maji akanywa. Kidoti akanipapasa gauni, akakishika kidole changu cha kulia, kile kilichokuwa kibaya zaidi, akakigeuzageuza. Kisha akapanda mapajani kwangu, akazungusha kichwa mara mbili kutafuta pa kukiweka, akalala kwenye mkono wangu.

Nilimtazama mama yake kuomba ruhusa. Alikuwa anatazama barabara.

Mkono ule hauna nguvu bado. Baada ya dakika kumi ulianza kuuma, baada ya ishirini ukafa ganzi kabisa, na niliogopa utalegea nimdondoshe. Binti yangu aliona. Hakumchukua. Alisogea, akapitisha mkono wake chini ya wangu, akauegemeza, tukakaa hivyo mpaka jua likaondoka kwenye benchi.